Mlango Juu ya Lori

Mlango wa baba yangu ulinijia kwenye simu asubuhi ya Jumanne, umeegemezwa kwenye ukuta usio na paa. Niliziona mbao za mulombwa zilizokolea wekundu, na chini yake kile kipande cha shaba ambacho baba alikigongomea mwaka ule mbwa wetu alipotafuna ubao. Nikaikuza picha kwa vidole viwili. Msumari wa pembeni ulikuwa bado umepinda. Niliupinda mimi, nikiwa mtoto, nyundo ikiwa nzito kuliko mkono.

Chini ya picha mtumaji alikuwa ameandika: "Bonjour Mzee wa Njia. Mi Kalumba Omer, fundi wa zamani. Kampuni inatufukuza mu kambi. Nahamia Sandoa na mama na bitu byetu byote, mpaka mlango. Kule mbele ya Mutshatsha lori ipite wapi, kulia ao kushoto? Mungu akulinde."

Mzee wa Njia ni mimi, Badibanga. Jina hilo nililivaa kwenye blogu yangu ili nisiulizwe kabila. Tangu ujana wangu nimekuwa mtu wa barabara: nimelala Mwene-Ditu, Tshikapa, Dilolo, Ndola, na mahali pengine ambako niliondoka kabla sijajua panaitwaje. Shule nayo niliisoma hivyo hivyo, kipande hapa, kipande kule. Magoti yalipokataa safari nikarudi Kolwezi, nikapanga chumba nyuma ya nyumba ya Fidélie, muuza vocha, nikaanza kuziandika barabara nisizoweza tena kuzitembea.

Mwanzoni tulikuwa wasomaji wawili, mimi na Fidélie. Niliandika juu ya mito na vilima kwa maneno mazuri, na hakuna aliyekuja. Kisha nikaelewa kwamba mtu hatafuti kilima. Anatafuta kujua kama lori lake litakwama. Nikaanza kuweka vichwa vya habari kama watu wanavyouliza sokoni: "Barabara ya Sandoa leo ikoje?" Wachoma makaa wa Mutshatsha wakawa wananipigia alfajiri kunieleza ni daraja gani limelegea, nami nikawa naandika kabla ya chai. Wasomaji wakaongezeka kama kumbikumbi baada ya mvua. Kampuni moja ya malori ikanipa kiungo chenye alama yangu: msomaji akikibofya na kukodi lori, kamisheni inaingia kwenye simu yangu. Duka la maturubai na taa za jua likafuata. Mimi niliyekula kwa miguu miaka yote nikawa nakula nimekaa kitandani.

Halafu bei ya kobalti ikaanguka, wachimbaji wakatawanyika, na kampuni ya mgodi ikaitaka ardhi iliyo chini ya kambi za zamani za wafanyakazi wake. Nyumba zikapigwa alama nyekundu. Watu wakaambiwa wang'oke. Hapo ndipo blogu yangu ilipofurika, maana kila aliyefukuzwa alipita kwangu kwanza kuulizia njia. Sikuona fahari katika jambo hilo. Lakini sahani sikuirudisha.

Sasa alikuwa amekuja Kalumba.

Mwaka wa tisini na tatu, wenyeji walipotuita bilulu, yaani wadudu, sisi wenye asili ya Kasai, Kasai yenyewe nilikuwa sijaiona hata katika ndoto. Nilizaliwa Kolwezi, katika nyumba ya kambi yenye mlango ule. Kalumba alikuwa jirani. Baba yangu, Ngeleka, seremala, ndiye aliyemfundisha kushika randa. Jioni ya kutufukuza alikuja mbele ya vijana wenye marungu, akasimama kwenye kizingiti chetu.

"Mutoke," alisema. "Nyumba iko na benyewe."

Hakupaza sauti. Angepiga kelele, huenda ningesahau. Baba akamwomba, kwa adabu ambayo mpaka leo inanichoma, amruhusu angalau aubebe mlango alioutengeneza kwa mkono wake. Kalumba akacheka.

"Tata Ngeleka, utaufungia nini? Treni?"

Vijana wakacheka naye. Sisi tukaenda kituoni, tukakaa chini ya turubai pamoja na maelfu wengine, tukisubiri treni ya kutupeleka Kasai. Mama yangu, Mbelu, hakuiona ikifika. Tulimzika karibu na reli katika mkeka, na baba yangu, seremala, hakuwa na hata ubao mmoja wa kumfanyia sanduku.

Kisasi hakifi kwa uzee. Huota mvi tu, kikaendelea kukaa mlangoni.

Asubuhi hiyo hiyo ya Jumanne, kabla picha haijafika, mchoma makaa mmoja alikuwa amenipigia. Mbele ya Mutshatsha njia inagawanyika: ya kulia inazunguka kilima na kumla dereva muda, ya kushoto ni fupi na inavuka mto kwa daraja la mbao. "Daraja ile imeoza miguu," aliniambia. "Kinga inapita. Lori ikipanda, ni kwenda kuogelea." Kinga ndiyo baiskeli kwetu. Nilikuwa bado sijaiandika habari hiyo.

Nikaitazama picha. Nikaandika: "Tata Kalumba, pitia kushoto. Ni karibu, na daraja ni zima. Safari njema." Chini yake nikakiweka kiungo cha malori, kama ilivyo desturi yangu. Kabla ya adhuhuri simu ikalia: Kalumba amekodi lori la kesho, na kamisheni imeingia. Nikanywa chai yangu taratibu. Naomba nisiseme uongo mwingine: ilikuwa tamu.

Kesho yake Fidélie aliingia bila hodi, simu mkononi, uso umechanua.

"Tata Badi, leo umenisaidia sana! Mignonne, dada yangu, ametoka asubuhi na batoto kwenda Kasaji. Dereva alikuwa anaogopa njia ya kushoto. Nikamutumia picha ya jibu yako, akasema, kama Mzee wa Njia amesema, basi imekwisha."

"Picha ipi?"

Akanionyesha. Jibu langu kwa Kalumba lilikuwa limepigwa picha na kusambazwa katika makundi ya madereva. Kila mmoja alimpa mwenzake, na kila mmoja aliweka chini yake alama ya kidole gumba.

Nikaifungua blogu, nikalifuta jibu, nikaandika kwa herufi kubwa kwamba daraja limeoza. Lakini picha ilikuwa imekwisha kutoka, na picha hairudi ikiitwa. Nikampigia dereva wa Mignonne, simu haikupatikana. Baada ya Mutshatsha mtandao hukatika kama uzi, na aliyeulizia njia mjini haulizi tena porini.

"Tata," Fidélie alisema polepole, "nani amesema daraja iko mubaya?"

"Mimi."

"Na nani alisema iko muzima?"

"Mimi."

Fidélie akafungua fundo la kitenge chake, akatoa ufunguo wa pikipiki, akautupa kitandani.

"Enda," alisema. "Ukimukosa Mignonne, usirudi mu nyumba yangu."

Magoti yangu yalilalamika njia nzima. Vumbi jekundu liliniingia mpaka menoni. Malori husimama Mutshatsha kula na kupoza injini, na hilo ndilo lililoniokoa: nilifika kwenye njia panda kabla yao. Kwanza nikaligeuza lori la mahindi. Kisha likaja la Mignonne, watoto wamekaa juu ya magunia kama kuku. Dereva alinisikiliza, akatema mate pembeni, akasema, "Aksanti, mzee. Huyo Mzee wa Njia naye ameanza kuzeeka." Wakaenda kulia. Watoto walinipungia mpaka kona ikawameza.

Kazi iliyonileta ilikuwa imekwisha. Pikipiki ilikuwa inatazama Kolwezi. Ningeweza kuondoka.

Nikakaa juu ya jiwe, nikamngoja Kalumba.

Niliutambua mlango kabla sijalitambua lori. Ulikuwa juu ya mizigo yote, juu ya mabati na magodoro, umefungwa kwa kamba upande mmoja tu, nao uliinuka na kushuka kila gurudumu lilipoingia shimoni. Nikainua mkono. Lori likasimama. Dereva alikuwa kijana, jina lake, Glodi, limechorwa kwenye kioo. Kando yake alikaa mzee mwembamba mwenye kofia ya sufu, na mama mmoja, bila shaka mkewe, aliyepakata kuku katika kikapu.

Kama ningesema tu kwamba daraja limeoza, wangegeuka kama wengine. Nalijua hilo sasa, na nililijua hata pale. Lakini miaka thelathini nilikuwa nimelihifadhi jina langu kwa ajili ya uso ule.

"Tata Kalumba," nilisema. "Mimi Badibanga, mtoto wa Ngeleka. Mlango huo ni wa baba."

Alivua kofia, akaivaa tena. Mama mwenye kuku aliinama mbele kunitazama. "Mwana wa mama Mbelu?" alinong'ona.

"Unataka nini?" Kalumba aliuliza.

"Usipite kushoto. Daraja limeoza. Utaua watu."

Akanitazama, na nikaona hesabu inafanyika machoni mwake. Miaka thelathini, mlango, porini, mtoto wa Ngeleka peke yake kwenye njia panda. Kisha akatikisa kichwa, karibu kwa huruma.

"Mutoto wa Ngeleka hawezi kuniambia kweli," alisema. "Hata mi, ningekuwa wewe, nisingesema. Kule kulia umeweka banani? Bandugu yako, na bipanga?"

"Hakuna mtu kulia."

"Mzee wa Njia amesema kushoto." Akaitoa simu, akanionyesha maneno yangu mwenyewe. "Kwa mukono yake."

"Mzee wa Njia ni mimi, tata. Nilikudanganya."

Glodi akapiga kicheko, akagonga usukani. "Ee, mzee! Mzee wa Njia ni père, padri mumoja wa kule Musumba, muzee kabisa, hasemake uongo. Kila mutu anamujua. We uko na pikipiki ya mwanamuke, na maua juu ya kiti!"

Kweli kiti cha Fidélie kilikuwa na maua. Nilisimama pale nikiwa na ukweli mtupu mkononi, na hakuna aliyeutaka. Nilikuwa nimesema. Mama mwenye kuku alikuwa shahidi, dereva shahidi. Kama lori lingeingia mtoni sasa, hakuna ambaye angenilaumu, hata Mungu angetafuta mahali pa kuanzia. Nikahisi ule utamu wa chai ukinirudia kooni.

Glodi akaingiza gia. Juu yetu ule mlango ukaruka, ukatua.

Nikaikokota pikipiki mpaka katikati ya njia ya kushoto, nikailaza chini kwa upana wake. Halafu nikasimama mbele yake.

Honi ikalia. Ikalia tena, ndefu. Kalumba akatoa kichwa dirishani, na sauti yake ilikuwa ile ile, tulivu, isiyopanda.

"Toka mu njia."

Sikumbuki kama niliwahi kuwa na furaha mbaya na nzuri kiasi kile.

"Siku ile ulisema nitoke, nikatoka," nilimwambia. "Leo sitoki."

Lori lilisogea mpaka nikalisikia joto lake kifuani. Likakaa hapo, linatetemeka. Nami nikakaa. Mama mwenye kuku akasema neno kwa Kiluba, moja tu, sikulisikia vizuri. Glodi akamtazama Kalumba, akanitazama mimi, kisha akazima injini.

Mama akamweka kuku pembeni, akashuka, akakaza kitenge kiunoni. Alipita kando yangu bila kunigusa, akairuka pikipiki, akaelekea mtoni kwa miguu kwenda kuangalia mwenyewe.

Tukabaki, Kalumba kitini, mimi njiani. Upepo ukapanda kutoka mtoni, ukaushika ule mlango upande usiofungwa, ukaugonga kwenye mabati. Ukanyamaza. Ukaugonga tena, kama mtu anayepiga hodi, na sisi wawili tukasikiliza, na hakuna aliyesema karibu.