Muulizeni Anayelala Naye

Mimi sina ugomvi na utafiti. Naanza na hilo kwa sababu Hellen, mke wa mwanangu, anasema nikisimulia habari hii watu watadhani nawachukia madaktari. Siwachukii. Kilichonichoma ni kwamba waliuliza kila mtu isipokuwa mimi.

Mjukuu wangu Precious ana miaka sita. Alipozaliwa mdogo wake, mwaka na nusu uliopita, alihamia kitandani kwangu, kama watoto wote wa ukoo wetu wanavyohamia kwa bibi zao. Nyumba yetu ya Igoma ina vyumba viwili: Hellen na mdogo wanalala cha mbele, mimi na Precious cha nyuma. Mwanangu Mashimba yuko migodini Geita, anakuja mwisho wa mwezi, tena akikumbuka. Kwa hiyo jinsi Precious anavyolala naijua mimi peke yangu.

Analala vibaya. Anakoroma kuliko babu yake marehemu, na yule alikuwa anakoroma. Lakini kukoroma nimekuzoea. Shida ni pale kunapokatika. Kifua kinavuta, mbavu zinajichora, tumbo linaingia ndani, na hewa haipiti. Kimya kabisa. Halafu anashtuka, anavuta pumzi kwa kishindo, anageuka, na baada ya muda mfupi yale yale yanaanza upya. Nikimwinulia kichwa kwenye paja langu anapata nafuu kidogo, kwa hiyo nalala nimekaa, mgongo ukutani.

Mchana mtoto anasinzia. Mwalimu anasema ni mvivu. Mama yake anasema mimi ndiye namchelewesha kulala kwa porojo zangu. Nilimwambia Hellen mara nyingi kwamba mtoto anakata pumzi, naye akajibu, "Mama, watoto wote wanakoroma wakiwa na mafua." Tukaachia hapo, kila mmoja na hasira zake.

Ndipo watu wa utafiti wakaja shuleni. Walikuwa wanatafuta watoto wanaobanwa pumzi usingizini, na nilipoisikia habari hiyo nilipiga kigelegele nikiwa nimekaa kwenye cherehani yangu. Atakayeonekana na dalili angepimwa kwa mashine hospitalini, na ikibidi angetolewa mafindofindo na nyama za pua bila malipo. Barua ilisema aje mzazi. Nikafunga cherehani nikafuatana na Hellen, lakini kijana wa mlangoni alinizuia. "Bibi, tunamhitaji mama mzazi tu."

Maswali yalikuwa ishirini na mawili. Mtoto anakoroma zaidi ya nusu ya usiku? Hellen akajibu hapana. Umewahi kumwona akiacha kupumua? Hapana. Anahangaika kupata hewa? Hapana. Alijibu ndiyo kwenye kusinzia darasani na kutotulia, basi. Zilitakiwa ndiyo nane. Baada ya wiki mbili ukaja ujumbe kwenye simu: mtoto wako hana dalili za kutosha, asante kwa kushiriki.

Damu ilinichemka. Kesho yake nilivaa kitenge changu cha kanisani, nikamshika Precious mkono, tukaenda Nyamagana kwenye ofisi yao. Daktari aliyetupokea anaitwa Jonathan, kijana mpole wa miwani. Aliniamkia vizuri, nikamwitikia marahaba, halafu nikamweleza yote.

"Bibi, huko kukata pumzi kunachukua muda gani?" aliuliza. "Unaangalia saa?"

"Saa ya nini gizani? Nina rozari. Akinyamaza naanza Salamu Maria. Kuna usiku namaliza ya kwanza naingia ya pili kabla hajavuta. Ya pili naogopa kuifikisha mwisho, maana mwishoni pametajwa kufa."

Akatabasamu. Lile tabasamu ndilo lililoniharibia siku.

"Weka kalamu chini, baba," nikamwambia. "Toa pumzi yote. Yote, maana yeye haanzi na kifua kilichojaa. Haya, sasa ziba pua na mdomo, nami nitasali kwa mwendo wangu wa kila siku."

Sijui kwa nini alikubali. Labda kwa heshima, labda kwa kuona aibu. Nilisali ya kwanza, akanitazama. Nikaingia ya pili, shingo ikamtoka mishipa. Sikuwa nimefika katikati alipoachia, akavuta hewa kwa sauti mpaka karani wa chumba cha pili akachungulia.

"Wewe ni mwanaume mzima," nikamwambia. "Umekaa kwenye kiti, umejiandaa, na unajua unaweza kuachia wakati wowote. Huyu ana miaka sita, amelala, na anarudia hivyo mpaka asubuhi."

Alivua miwani akaifuta. "Bibi, nakuamini. Lakini fomu lazima ijibiwe na mzazi anayeishi na mtoto. Ndivyo utaratibu ulivyopitishwa. Mama yake akija kujibu upya, nitampokea."

"Na hao watoto wengine mliowajazia fomu, mliuliza wanalala na nani?"

Alitazama kabati la chuma lililokuwa nyuma yake. "Hakuna swali hilo."

"Ni wangapi?"

"Mia nne na kumi."

"Na mmegundua nini?"

Alivaa miwani tena. "Mpaka sasa inaonekana tatizo ni dogo kwa watoto wa huku kwetu."

Nilitamani kuipindua ile meza. Mia nne na kumi! Hapa kwetu mtoto akipata mdogo wake anakwenda kwa bibi, kwa shangazi, kwa dada mkubwa, na huyo Jonathan, kwa lafudhi yake tu, ni mtu wa hapa hapa Magu, analijua hilo tangu kuzaliwa. Alilelewa hivyo hivyo. Lakini fomu ilitungwa kwa nyumba ambazo mtoto analala chumba cha pili na mama anasikiliza mlangoni, naye akaibeba jinsi ilivyo na kuja nayo kwetu. Nikaondoka bila kuaga.

Nyumbani nilimkuta Hellen anafua. Nikamwambia akajibu upya, aandike ndiyo.

"Mama, niliulizwa kama nimemsikia. Sijamsikia. Unataka nidanganye?"

Hellen ni mlokole wa kweli. Akiwa hataki kupokea simu hawezi hata kumwambia mtoto aseme mama hayupo. Nilikasirika, kisha nikaona kwamba hapo hana kosa.

"Basi usidanganye," nikasema. "Leo lala kwangu. Huyo mdogo nipe mimi."

Usiku ule nililala. Naona haya kusema, lakini nililala fofofo, na mdogo alinipiga mateke bila kuniamsha. Asubuhi nilimkuta Hellen amekaa kwenye kizingiti cha jikoni, amempakata Precious kama kichanga, miguu ya mtoto inaburuza chini. Hakuniamkia. Mtu ambaye hajawahi kunipita asubuhi bila shikamoo alinitazama tu, macho mekundu.

"Kila siku, mama?"

"Kila siku."

"Na wewe unalala saa ngapi?"

"Nalala kanisani, padri akihubiri."

Hakucheka. "Nilimchapa," alisema. "Juzi juzi tu, kwa kusinzia juu ya daftari. Nilimchapa na fimbo, mama." Akalia kwa sauti, na mimi nikalia naye, maana siku ile nilikuwepo na sikumzuia.

Saa tatu tulikuwa ofisini kwa Jonathan, mdogo mgongoni kwa mama yake, Precious akisinzia kwenye benchi. Hellen alijibu maswali, na safari hii ndiyo zilifika kumi na nne. Jonathan akafurahi, akafika swali la mwisho.

"Dalili hizi umeziona kwa muda gani?"

"Usiku mmoja."

Kalamu ikasimama. "Inatakiwa angalau miezi mitatu."

"Nimelala naye usiku mmoja."

Jonathan aliangalia mlango, akashusha sauti. "Mama, andika tu mwaka na nusu. Nani atajua? Nia yetu ni mtoto apimwe."

Nakiri mimi ningeandika. Ningeandika hata miaka kumi. Lakini Hellen alisimama, na yule mwanamke ambaye kwa miaka minane sijawahi kumsikia akimkaripia mtu mzima akapiga meza kwa kiganja.

"Kwa hiyo mnautaka uongo wangu kuliko ukweli wake? Huyu hapa! Ameketi mbele yako! Mwaka na nusu hajalala, anajua mpaka ubavu upi mtoto anapumua vizuri, halafu unaniambia mimi niliyekuwa nimelala chumba cha mbele nijifanye yeye? Mlikuja kutafuta nini kwetu, watoto wagonjwa au saini zetu?"

Akaivuta fomu. Pale palipoandikwa jina la mzazi akapiga mstari, akaandika: Paskazia, bibi, mwaka na nusu. Kisha akanipa kalamu, nikatia saini.

Jonathan akaandika juu ya ile fomu kwamba Precious aletwe kwenye mashine Alhamisi, alale na bibi yake. "Mkuu wa utafiti ataniuliza kwa nini nimevunja utaratibu," alisema, "na ataniuliza wako wangapi wa namna hii."

"Na wewe utamjibu nini?" nikamuuliza.

Aliinuka akafungua kabati. Mafaili yalijaa tangu juu hadi chini, mengi yamepigwa muhuri wa hana dalili. Alichomoa la kwanza kushika, la mtoto anaitwa Owiti, miaka mitano, wa Buzuruga. Akapiga simu na kuiweka mezani tusikie wote. Mama wa mtoto akapokea.

"Samahani mama, swali moja tu. Owiti analala na nani?"

"Na bibi yake. Kwani kuna nini?"

"Naweza kuongea na bibi?"

Tulisikia simu ikipita mkono hadi mkono, sufuria ikiwekwa chini, kisha sauti ya mwanamke mzee iliyokuja juu kabla Jonathan hajafungua mdomo.

"Ndio nyie watu wa usingizi? Nilikuja mpaka hapo mlangoni kwenu mwezi wa tatu, nikafukuzwa, nikaambiwa aje mama yake! Mtoto anakata pumzi! Nimekaa naye macho peke yangu mpaka leo, hakuna aliyeniuliza!"

Jonathan alivuta karatasi nyeupe, akainamia simu.

"Shikamoo bibi," alisema. "Naomba kwanza jina lako."