Nyange Haikataliwi

Asubuhi ile Placide alivaa ovaroli ya buluu juu ya shati lake, akachota maji ya mvua yaliyolala ndani ya shimo la kukagulia gari, kisha akawasha mashine ya kupimia freni ili ipate moto mapema. Uwanja wa kontrole, pale gari zinapokaguliwa, uko Muhumba, na ni tambarare kama meza. Jambo hilo watu wanalipita tu bila kulisema. Bukavu nzima ni mteremko: unatoka nyumbani kwa kushuka, unarudi kwa kupanda, na mpira ukimponyoka mtoto unaenda kuokotwa kwa jirani wa chini. Mahali palipo sawa ni pachache mno, na hapo ndipo wakubwa walipoamua freni za mji zipimwe.

Gari zilipangwa mistari miwili. Kushoto zilikaa gari za kila aina. Kulia zilikaa Nyange peke yake. Nyange ni jina ambalo watu wenyewe walikipa kile kigari cheupe chenye mgongo mrefu, kwa sababu ni cheupe kama yule ndege, na kama yeye hakiogopi kupita katikati ya miguu ya wakubwa. Jina lake la kiwandani limeandikwa nyuma, lakini mashofere hawana habari nalo.

Gari za kushoto zilikataliwa kila siku. Tairi limeisha, honi imenyamaza, taa moja imekufa: rudi garaje. Nyange haikukataliwa hata moja, tangu uwanja ule ufunguliwe. Ilipita ile iliyotunzwa na ilipita ile iliyovutwa kwa kamba. Ikishapanda juu ya shimo, kilichokosekana kilirudi mahali pake: freni zikashika, taa zikawaka, usukani ukanyooka. Gracien, fundi wa garaje ya jirani, aliwahi kuleta moja isiyo na injini, inasukumwa na wanaume wanne. Ilipofika juu ya shimo ikanguruma vizuri, ikapimwa, ikapita. Langoni ikanyamaza, na wale wanaume wakainamisha migongo tena. Hakuna aliyeshangaa. "Nyange inajua kupita," walisema, kama mtu anavyosema mtoto wa fulani anajua hesabu.

Ukutani, ofisini, kulikuwa na tangazo: Nyange, mia kwa mia. Mtu aliyetaka kununua gari ya taksi alipelekwa kwanza kulitazama. Chema chajiuza, basi Nyange zikajaa mjini.

Jua lilipopanda kidogo, Nyange ya Pascal ikaingia kutoka ziwani.

Pascal alikuwa shemeki wa Placide, mume wa Aimée, mdogo wake wa kike. Miaka michache nyuma, asubuhi moja ya mvua, freni zilimkatikia kwenye mteremko wa Nguba, akavunja ukuta wa mwisho, akaingia ziwani pamoja na abiria watano. Pale ziwa lina kina kirefu. Hawakupatikana. Waliotumwa kuchunguza walitafuta karatasi ya gari ofisini uwanjani, wakaikuta ni mpya kabisa: freni nzuri, amepima Placide, wiki ile ile. Basi gari haikuwa na kosa. Kosa likabaki kwa shofere, na ikaandikwa kwamba alikimbiza gari kama mwendawazimu. Tangu hapo, kanisani, padri akisema watu wapeane amani, jamaa za wale watano walimpa mkono kila mtu wa benchi lile, wakauruka wa Aimée. Aimée hakuacha kuunyoosha. Kila Dominika aliunyoosha, na kila Dominika aliurudisha mapajani.

Na kila mwaka, karatasi ilipokaribia kuisha, gari ilipanda yenyewe kutoka ziwani kuja kutafuta nyingine. Gari yenye bidii, jamani. Ilikuja inachuruzika maji kila mlango, na samaki wadogo, wale sambaza, wakirukaruka juu ya simenti. Willy, mlinzi wa lango, aliwangoja na beseni. "Kufa kufaana," alisema bila ubaya wowote, akawaokota, akaenda kuwatia chumvi. Abiria watano walikaa nyuma, wamelowa, macho mbele, kama abiria wengine wote wanaotaka kufika. Mmoja alikuwa bado ameshika mwavuli.

"Jambo, shemeki," alisema Pascal. Alikuwa amechana nywele vizuri, na karatasi zake zilikuwa kavu ndani ya mfuko wa plastiki.

"Jambo, Pascal. Umechoka?"

"Nimechoka sana. Shemeki, iyi mwaka unikatalie. Nakuomba kabisa. Kule chini gari yenye iko bon, yenye imepita kontrole, haisimame. Tunazunguka tu. Bale ba nyuma banasema, chauffeur, tushukishe, na mie niko nakanyaga freni, hakuna kitu. Ukiandika imekataliwa, moteri itazima. Bao bataenda kwao, na mie nitaenda kwa Aimée."

"Aimée iko hapo inje."

"Nimemuona. Ameniletea suruali."

Placide alikuwa ameahidi. Dominika, mezani kwa Aimée, mbele ya bugali na lengalenga, dada yake alimwambia: "Yaya, kaka yangu, miaka yote ulisema utaona. Mara hii usione. Fanya." Naye akajibu kwamba atafanya, akaomba maji ya kunawa. Aimée hakuuliza tena. Usiku ule alitoa sandukuni suruali ya Pascal ya misa na shati lake jeupe, akapiga pasi.

Gari ikapanda juu ya shimo. Freni zikashika. Placide akashuka chini, akapiga tochi: chuma kilikuwa kinang'aa, mipira mipya, hakuna hata tone la mafuta. Mashine ikasema vizuri. Alipima mara ya pili, na mashine haikubadili neno.

Ndipo akafanya jambo ambalo uwanja ule haukuwahi kulifanya. Alimwambia Pascal atoke nje ya lango, hadi pale barabara inapoanza kuteremka, akanyage freni hapo. Gari ikatoka taratibu, yeye akitembea kando ya dirisha.

"Kanyaga."

Pascal akakanyaga mpaka mguu ukagusa chini. Gari iliendelea na safari kana kwamba hakuna mtu aliyeiambia kitu. Willy, ambaye alikuwa na uzoefu, akaweka jiwe mbele ya gurudumu.

"Umeona," alisema Pascal, bila hasira.

Placide alikuwa ameona. Aimée pia, kutoka kwenye kivuli kidogo alipokuwa amesimama na mfuko wake wa nguo, na kwa mara ya kwanza tangu msiba alicheka kidogo, akaziba mdomo kwa mkono.

Mkubwa wa uwanja aliitwa Chantal. Hakuwa mtu mbaya. Siku za matanga alikuja na gunia la mchele na akalala chini na wanawake wengine. Kazini alikuwa na desturi moja: kila asubuhi alitia sahihi karatasi za Nyange zote kabla hazijafika, ili watu wasisimame juani kwa jambo linalojulikana.

"Chef," Placide alimwambia, "Nyange ya Pascal haina freni."

"Mashine inasema nini?"

"Mashine inasema iko nazo. Lakini inje, ku mteremko, hazishike. Nimeona na macho."

"Inje ya lango si kontrole, papa Placide. Inje ya lango ni barabara."

Kisha Chantal akavuta mtoto wa meza, akatoa muhuri mwekundu, akauweka mbele yake.

"Chukua. Mie sikukataze. Lakini ukikatalia iyi leo, bataulizana: na ile siku, nani aliipitisha? Bale batu batano biko hapo ndani ya gari, banangoja. Jamaa zao biko Nguba. Uende ubaeleze weye mwenyewe."

Placide akauchukua muhuri. Ulikuwa mwepesi kuliko alivyodhani. Aliliona benchi la kanisani, aliiona mikono ikipita, sasa mkono unaorukwa ni wake. Aliona aibu. Alijua vizuri kwamba aibu ile ni yake na si ya Pascal, hakuhitaji mtu wa kumfafanulia. Aliingoja imshinde, apige muhuri. Haikumshinda. Ilitulia polepole, kama jino linavyotulia mtu akiacha kuligusa kwa ulimi, na mwishowe hakusikia chochote. Akaurudisha muhuri mezani, akachukua karatasi iliyokwisha kutiwa sahihi, na vinyeti ya mwaka mpya, ile stika ya kubandikwa kiooni.

Vinyeti haishiki kwenye kioo chenye maji. Placide alipangusa kioo cha mbele kwa mkono wa ovaroli, akangoja kikauke, akapangusa tena, kisha akaibandika sawasawa kwenye pembe, akaisukuma kwa kidole gumba ili upepo utoke. Alikuwa mtu wa kazi safi.

Pascal alimtazama kwa ndani ya kioo. "Asante, shemeki," alisema, kwa sababu alilelewa vizuri. Nyuma, yule mwenye mwavuli alivuta pumzi, akaegemea kiti.

Aimée alikuja mpaka kwenye gari. Alitazama kioo, akamtazama kaka yake.

"Imepita?"

"Imepita."

Hakulia wala hakutukana. Aliushika mfuko wa nguo kifuani kwa mikono yote miwili. Pascal alitoa mkono dirishani, akamgusa bega, na bega la blauzi likalowa.

"Bado kidogo," alimwambia.

Hapo maman mmoja aliyetoka kushuka mashua ya Minova, mwenye beseni la nyanya kichwani, akaikaribia gari. Aliinama akatazama vinyeti, kama watu wote wa mjini wanavyofanya siku hizi. Akaridhika. Akafungua mlango wa mbele, akakaa kando ya Pascal, akalalamika kwamba kiti kimelowa, akapakata beseni lake.

"Nguba," alisema.

Aimée akaushika mlango. "Maman, shuka. Nakuomba, shuka. Iyi gari haina freni."

"Aka! Haina freni namna gani? Si imeandikwa iko bon?"

"Imeandikwa tu. Shuka, maman."

Yule maman hakuwa mkaidi, alitaka tu kufika kwake. Akatoa kichwa nje, akamwona mwanamume mwenye ovaroli ya buluu.

"Papa, ni weye uliandika?"

Aimée aligeuka. Willy aliinua macho kutoka kwenye beseni. Pascal na wale watano wa nyuma, wote walimtazama Placide.

"Ndiyo, maman," alisema Placide. "Ni mie."

"Basi, twende."

Willy akaondoa jiwe. Gari ikaanza kuteremka, taratibu kwanza, halafu si taratibu, na Aimée akaifuata kwa miguu, viatu mkononi, akiita jina la mumewe.

Placide akaita inayofuata. Ilikuwa Nyange. Shofere wake hakuzima hata moteri, maana alijua hawatakawia.