Chanjo Iliyoganda

Wauguzi walimbandika mtunza chanjo jina la Nyuzi Nane, kwa kuwa hakuruhusu joto la majokofu yake lipande juu ya nyuzi hizo wala lishuke chini ya mbili. Hakulipenda jina hilo, wala hakulikataa. Kwa miaka kumi na tisa aliwafundisha wageni wa kazi jambo lile lile: kila mtu huogopa joto, ilhali kinachoua chanjo kimyakimya ni baridi. Kifuko cha barafu kikitoka kwenye friza hakiingii papo hapo kwenye sanduku la kubebea chanjo; huwekwa mezani, kikasubiriwa mpaka kitoe jasho na maji yasikike yakicheza ndani yake.

Jumanne iliyopita hakusubiri. Mkewe alikuwa amezikwa siku kumi na moja kabla, naye alirudi kazini siku ya nne, kwa sababu nyumbani viti vitupu vilikuwa vingi mno. Tangu mazishi moyo wake ulikuwa kama jino lililopigwa ganzi: alijua lipo, hakusikia kitu. Alivitoa vifuko, akavipanga, akafunga kifuniko. Shemeji yake, mdogo wa marehemu, ndiye muuguzi aliyelibeba sanduku hilo hadi mtaa ulio nyuma ya karakana, akawachoma watoto wachanga thelathini na wanne chanjo ya dondakoo, kifaduro na pepopunda.

Jana, Nyuzi Nane alipokuwa akilisafisha sanduku, aliiona kadi ndogo iliyowekwa humo kutambua mgando. Ilionyesha alama ya kosa.

Sasa chupa mbili zilikuwa mezani. Moja aliigandisha makusudi tangu jana, kisha akaiacha iyeyuke. Nyingine ni masalio ya Jumanne. Alizishika pamoja, akazitikisa, akazisimamisha; chanjo iliyowahi kuganda, unga wake hushuka haraka. Shemeji alichungulia juu ya bega lake.

"Ya kulia inatulia haraka."

"Ya kulia ndiyo niliyoigandisha."

"Na ya kushoto?"

Unga mweupe ulishuka katika chupa zote mbili kwa mwendo mmoja, kama watu wawili wanaoteremka ngazi bega kwa bega.

"Shemeji, sema basi. Nimewachoma nini wale watoto?"

"Umewachoma kitu kisichofaa kitu. Kosa si lako. Sanduku nililifunga mimi."

"Usiniambie hivyo na uso huo wa ukuta! Lia, tukana, vunja chupa!"

"Chupa ni za serikali."

Kicheko kilimponyoka muuguzi, kisha akajifuta macho kwa kiganja.

Ofisini kwa mganga mkuu viti vya kuazima vilikuwa vimepangwa mistari. Kesho yake wakaguzi wangekuja kupima kama kituo kiko tayari kukabili mlipuko wa maradhi.

"Leo, kati ya siku zote, unaniletea chupa?" mganga mkuu aliuliza.

"Ndiyo, mkuu."

"Mzee wangu, chanjo iliyoganda si sumu. Hakuna mtoto atakayeumwa hata kichwa."

"Hapo ndipo ubaya wake ulipo. Chanjo huuonyesha mwili sura ya adui mapema, nao ukafua silaha na kuikumbuka sura ile. Hawa hawakuonyeshwa kitu. Kadi zao zinasema wamekingwa, na mama zao wamelala usingizi. Kifaduro kikiingia mtaa ule hakitasoma kadi."

"Ngoja wageni waondoke. Wiki moja tu."

"Wanakuja kuuliza kama tuko tayari. Tutawajibu nini?"

Mganga mkuu alishusha sauti. "Watakutoa stoo. Ila, kwa msiba ulio nao, watu watakuelewa."

"Msiba ni wangu, mkuu. Watoto ni wao."

Akaiweka taarifa mezani, imekwisha tiwa sahihi. Mganga mkuu aliisoma mara mbili.

"Haya, nenda ukarudie chanjo. Lakini utawaambia kwa kinywa chako. Simtumi mtu."

"Sikuomba mtu."

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya mshona nguo. Mtoto alikuwa amelala kwenye kapu la vitambaa, karibu na cherehani. Nyuzi Nane, shemeji akiwa nyuma yake na sanduku, alisimama kizingitini, wima kama aliyeitwa mbele ya darasa.

"Mama, chanjo aliyochomwa mwanao Jumanne ilikuwa imeharibika. Haikumdhuru, lakini haimlindi. Aliyeiharibu ni mimi. Muuguzi huyu hakujua. Tumekuja kuirudia."

Cherehani ilinyamaza. "Kwa hiyo mwanangu alilia bure?"

"Alilia bure."

Ng'ambo ya barabara jirani aliyebeba mtoto alipaza sauti: "Mmesikia? Ya kwanza ilikuwa ya majaribio! Kesho mtuletee ya tatu!" Akaingia ndani, mlango ukafungwa kwa kishindo.

"Nitajuaje kwamba ya leo ni nzima?" mshona nguo aliuliza.

"Kwa kuitazama tu hutajua. Una neno langu tu."

"Neno lako nilikuwa nalo Jumanne."

Shemeji alichuchumaa, akafungua sanduku. Mshona nguo aliwatazama wote wawili, akamwinua mtoto, akaketi, akamfunua paja.

"Choma, dada. Lakini huyu asimguse mwanangu."

Nyuzi Nane alirudi nyuma, akatoka kizingitini. Kilio cha mtoto kilimfikia mgongoni kama redio ya nyumba ya tatu. Alivuka barabara hadi mlango wa jirani uliofungwa, akapiga hodi. Hakuitikiwa. Akapiga tena.