Wiki ya Hospitali

Mke wangu alikufa akimsubiri daktari. Siku mbili tulikaa foleni hospitalini, na mjukuu wetu katikati yetu kwa sababu hakukuwa na wa kumwachia. Ana miaka mitano. Tunamwita Chiriku kwa ajili ya mdomo wake, ingawa tangu tumzike bibi yake, nyumbani hasemi. Mdomo wake umebaki shuleni, kwenye ngoma.

Maana chekechea yao haifundishi kwa fimbo kama tulivyofundishwa sisi. Kila wiki wana jambo lao. Wiki ya soko, wiki ya mafundi, na watoto wanaigiza na kuimba mpaka maneno yanaingia yenyewe. Mwalimu wao ni binti mdogo mwenye ngoma ya kopo na manyanga ya chupa za plastiki zilizotiwa punje za mahindi. Nyimbo zake hazitoki kitabuni. Anawauliza, "Nani amewahi kufika? Mliona nini?" Wanachojibu anakipigia ngoma, na hicho ndicho kinachoimbwa.

Ilipofika wiki ya hospitali, mwalimu mkuu aliniagiza kitanda kidogo cha kuchezea. Mimi ni seremala. Mbao zangu, misumari yangu, kazi bure. Eti mchango wa mzazi. Yeye mchango wake ulikuwa kuja kukikalia aone kama kitavunjika.

Ijumaa wakaja wageni. Na mgeni wa heshima alikuwa nani? Mganga mkuu wa hospitali ile ile. Alipewa kiti chenye mto, sisi wazazi tukabanana ukutani kama mifagio.

Chiriku alikuwa nesi, na kofia ya karatasi kichwani. Kitoto kimoja kikaja kimeshika tumbo.

"Nesi, tumbo linauma."

"Kaa hapo."

"Linauma sana!"

"Nani kakwambia uongee? Kadi iko wapi? Huna kadi, huumwi!"

Wazazi tukaangua kicheko. Wagonjwa wakazidi kuja, wakapangwa chini, na manyanga yakaanza. Chiriku akaongoza, wenzake wakaitikia:

Daktari yuko wapi?
Yuko kikaoni!
Dawa ziko wapi?
Ziko njiani!
Na sisi je?
Rudini kesho, rudini kesho!

Watoto ishirini, na hakuna aliyekosea hata neno. Kina mama ukutani wakadakia kiitikio. Mganga mkuu alitabasamu kama mtu aliyeng'ata ndimu.

"Basi! Tupumzike kidogo!" Mwalimu mkuu alisimama, akaniita ofisini kwa kidole, kama mtu anayemwita mbwa.

"Mzee, umemfundisha nini huyu mtoto?"

"Kunawa mikono."

"Usinifanyie mzaha!"

Yule binti wa ngoma alikuwa ametufuata. "Mkuu, wimbo ni wa watoto wenyewe, mimi ndiye..."

"Wewe nyamaza. Zamu yako inakuja."

Akarudi nyuma hadi mlangoni. Ana kazi ya kulinda, najua. Lakini nilimkasirikia vile vile.

Mwalimu mkuu akaandika mistari mitatu, akanisukumia karatasi. Niliisoma polepole, kwa kidole, maana shule yangu iliishia darasa la nne. *Nakiri kuwa nilimfundisha mjukuu wangu uongo kuhusu hospitali. Naomba radhi kwa mganga mkuu.*

"Uongo ni upi hapo?"

"Saini, mzee. Ukisaini, mtoto anabaki, na mwakani anaingia darasa la kwanza. Usiposaini, leo hii mchukue na begi lake. Shule nyingine iko ng'ambo ya barabara kuu. Atavuka na nani, na wewe alfajiri uko karakana?"

Alikuwa amenipima vizuri, kama ninavyopima mbao kabla ya msumeno. Nikamfikiria Chiriku amekaa kimya nyumbani, bila ngoma. Nikasaini. Mke wangu anisamehe, nikasaini kwamba hakusubiri.

"Umeridhika?"

"Mzee, hili si jambo la kuridhika."

"Kweli. Wakubwa hamridhiki, mnashiba tu."

Tuliporudi, mwalimu mkuu akapanga mchezo upya yeye mwenyewe. Kofia ya nesi akapewa mwingine. "Wewe utakuwa mgonjwa," akamwambia Chiriku. "Huna maneno. Utalala, daktari atakugusa, utaamka, tutaimba umepona."

Chiriku akapanda kitandani. Akalala chali, akanyoosha miguu, akageuzia shavu ukutani. Hivyo ndivyo alivyolala bibi yake pale foleni. Daktari, kitoto chenye shati la baba yake, akamgusa kifuani kwa kijiko.

"Umepona. Amka!"

Wenzake wakaimba amepona. Wakaimba tena. Daktari akamtikisa bega, kisha akageuka na kijiko chake.

"Mwalimu, huyu haamki."

Manyanga yakanyamaza moja moja. Mganga mkuu akawa anakagua viatu vyake.

Mwalimu mkuu akanifikia, jasho linamtoka. "Mwambie aamke! La sivyo, saini yako haina maana, nafasi yake hana."

"Uongo mmoja nimekusemea leo," nikamjibu, wala sikunong'ona. "Wa pili mtafute mtu mwingine. Mtoto anaigiza alichokiona. Si ndiyo mnavyofundisha?"

Nikashika kitanda upande wa kichwani. Ni changu, hawakunilipa. Fundi mmoja wa magari, baba wa yule daktari, akashika upande wa miguuni bila kuulizwa. Tukakiinua na mtoto juu yake, macho amefumba, kifua kinapanda na kushuka.

"Ukitoka naye, mzee, usirudi hapa!"

Jumatatu nitamvusha barabara kuu mwenyewe, na wenye makabati yao watangoja.

Tulikuwa hatujafika mlangoni nikasikia miguu midogo. Watoto walikuwa wamejipanga nyuma yetu, wawili wawili, wamevua kofia za karatasi, hakuna aliyecheka. Hakuna aliyewaambia. Yule binti alikuwa wa mwisho kwenye mstari, mikono nyuma.

Mwalimu mkuu akakamata kengele, akaipiga ya kuingia darasani. Akapiga. Tukatoka nje ya lango, na bado anapiga.