Macho ya Agnija

Sandipan alirudi kutoka ofisini hoi bin taabani. Kutwa nzima alikuwa akimchora Agnija, shujaa wa katuni mwenye mikono kumi, kipenzi cha watoto wa Kolkata. Kila mtu alijua alikotoka: ni Mama Durga yuleyule, mungu wa kike wa Wahindu, ila simba anayempanda kawa pikipiki na mkuki kawa bunduki ya umeme. Wala si siri. Wachoraji wote wa mashujaa wanachota katika kisima hichohicho.

Kwenye karakana ya nyumbani, baba yake, mzee Nitai, alikuwa amekaa kando ya sanamu ya Mama. Udongo umekauka, rangi imepakwa, sari imevalishwa. Yamebaki macho, na macho huchorwa mwisho, na mtu aliyefunga, kwani hapo ndipo Mama anapoingia. Mzee aliyachora maisha yake yote. Mwaka huu haoni hata vidole vyake.

"Umekula?"

"Sijala, Baba. Si ulisema nifunge?"

"Basi shika brashi. Yawe kama yangu: makali, lakini ya mama anayemwonea huruma hata zimwi analoliua. Hii ndiyo sanamu yangu ya mwisho, usinitie aibu."

"Nimechoka. Hatuwezi kuahirisha?"

"Kwani mimi sijachoka? Chora, bwana."

Akachora. Mkono, masikini, ulishika njia uliyoizoea ofisini, na yeye kwa usingizi hakuuzuia. Alipozinduka rangi ilikuwa imeshakauka, na macho yakishafunguliwa hayafutwi. Alijilaani kimoyomoyo.

Siku ya sherehe ya Mama alimshika mzee mkono wakaenda kwenye banda la mtaa. Watoto walikuwa wamejazana mbele ya sanamu, wanapiga kelele, "Agnija! Agnija huyo!"

"Wanamwita nani hao?" mzee akauliza.

"Yule wa katuni zangu, Baba."

"Aa, waache. Mama ana majina mia na nane, likiongezeka moja hatashtuka. Mimi nauliza macho. Ni yangu?"

Sandipan akayatazama. Nyusi zimekunjwa kwa vita, huruma hakuna hata chembe. Roho ilimuuma vibaya.

"Ni yako, Baba. Yaleyale."

Mzee akashusha pumzi, akakutanisha viganja, akayainamia macho yale na kuyaomba yamwonee huruma siku yake ikifika.