Bluu ya Kutolea Springi

Mume wangu ni fundi wa magobore ya kale. Hayaui hata inzi. Yanakaa kwenye makabati ya vioo ya makumbusho, na kikivunjika kipande ambacho hakitengenezwi popote tena, kinaletwa kwenye karakana yetu nyuma ya jiko, akichonge upya. Watani humwita Bwana Baruti, naye baruti hajawahi kuinusa.

Mwaka huu springi zake zilianza kumgomea. Anakata chuma, anakipiga tupa, anakikunja, anakichoma, lakini akishafunga springi kwenye gobore, nyundo yake ya kufyatulia inaanguka kivivu. Springi imelala. Mwanzoni alilaumu chuma. Baadaye akaacha kulaumu chochote, akawa anakaa tu kuitazama mikono yake. Hapo nikaogopa. Baba yake, fundi vilevile, alianza hivyohivyo: kazi iliharibika kwanza, kisha mikono ikatetemeka, mwisho nikawa namlisha mimi kwa kijiko.

"Springi hii nayo ikilala, nafunga karakana," aliniambia asubuhi moja. "Sitaki kungoja mpaka unilishe."

"Mdomo wako!" nikafoka, maana nilikuwa nimewaza hilohilo.

"Na hilo gauni jeusi livue. Umeanza matanga mapema?"

Gauni lenyewe bluu. Nilidhani ananichokoza, nikampuuza.

Nilimpelekea chai akiwa kwenye hatua ya mwisho. Springi ikishachomwa na kuzamishwa kwenye mafuta, inakuwa ngumu mno, inakatika ovyo. Kwa hiyo husuguliwa ing'ae, ikapashwa tena moto taratibu, na fundi akafuata rangi: manjano, kahawia, zambarau, bluu. Ikifika bluu, anaitoa. Ikipita hapo, chuma kinalegea na kazi yote imekwenda na maji. Wimbo huo nimeusikia tangu aliponioa.

Bluu ilifika, safi kabisa. Yeye koleo mkononi, haitoi.

"Itoe!"

"Bado. Bluu haijafika."

"Baba watoto, imefika na sasa inaaga!"

"Mimi naona nyeusinyeusi tu hapa. Niache nifanye kazi."

Nikatazama springi, imeshakuwa ya kijivu. Nikatazama gauni langu.

"Hili gauni rangi gani?"

"Mama we, hayo ni ya kuulizana sasa?"

"Nijibu!"

"Jeusi, si nilishakwambia!"

Nilicheka mpaka nikalia. Akadhani nimerukwa na akili.

"Mikono yako mizima," nikamwambia. "Macho ndiyo yanakudanganya. Unangoja bluu usiyoiona!"

Alibisha, bila shaka. Lakini alichonga nyingine, na safari hii nikasimama mimi kwenye moto. Nilipopiga kelele "Sasa!" akaitoa papo hapo, jambo lisilowahi kutokea kwenye ndoa hii. Akaifunga kwenye gobore, akaivuta nyundo, akafyatua. Ilipiga kwa kishindo, paka wetu akaruka nje kupitia dirishani. Mume wangu akakaa sakafuni, akaificha sura yake kwenye mikono ileile na kulia.

Daktari alisema ni mtoto wa jicho, na anatolewa. Akatolewa. Bandeji ilipofunguliwa, hakuanza na uso wangu. Alilitazama gauni.

"Bluu ya kutolea springi," akasema.

Chakula kilipoletwa nikashika kijiko nimlishe, kwa furaha tu. Akaninyang'anya, akala mwenyewe.