Pamba ya Mezani

Saa tatu na dakika kumi asubuhi, Jumanne ya pili ya Mei, meza ya baraza la ardhi la kijiji kimoja karibu na Nyamuswa ilikuwa imeota vitumba kumi na vinne vya pamba, vyote vimepasuka. Katibu, Edwin, alisogeza mafaili pembeni, akaita shauri.

Hilda, mjane, alidai shamba la ekari mbili alilolima na marehemu mumewe. Shemeji yake, Mugeta, alidai mlimaji ni yeye. Ushahidi wa maandishi ulikuwa mmoja: daftari la bwana shamba, ambamo huandikwa kila mkulima aliyeng'oa na kuchoma mabua ya pamba baada ya mavuno, ili wadudu wasivuke msimu. Kwa shamba lile liliandikwa jina la Mugeta. Alichokuwa amechoma ni magugu, si mabua.

"Mabua niling'oa mimi," Hilda alisema. "Sikuchoma. Nilipeleka Bunda kwa Ursula, mikokoteni miwili."

Ursula, mwenye karakana ya mbao za mabua, alithibitisha. Aliyasaga, akayachanganya na plastiki iliyoyeyushwa ya ndoo kuukuu kutoka Kiabakari, akashindilia. Mbao hizo ndizo zilizotengenezea meza ile ya baraza. Kuhusu vitumba, alieleza kwamba mchanganyiko ulifikia nyuzi joto mia na themanini na haukuwa na mbegu.

"Huwa vinatokeaga upande gani?" mwenyekiti aliuliza.

"Upande wa huyu mama," Edwin alijibu. "Kikao cha wiki iliyopita alikaa kule, vikatokea kule."

Hilda aliombwa kukalia kiti cha Mugeta. Baada ya dakika nne vitumba viwili vilitokea mbele yake, vikapasuka. Mugeta akaombwa kukaa palepale. Ilipita robo saa. Havikutokea.

"Shemeji, umekosa watu mpaka umeleta meza?" Mugeta alisema.

"Meza ni ya baraza, shemeji. Mimi nimekuja na mikono tu."

Wajumbe walicheka. Mwenyekiti alikumbusha kwamba meza haijala kiapo. Baraza lilifuata daftari. Shamba likabaki kwa Mugeta.

Mjumbe mmoja akauliza pamba ya mezani ni ya nani. Ilikubalika bila kura kwamba mazao hufuata shamba. Kwa kuwa wengine wangeichafua, Hilda aliombwa achume. Alichuma vitumba kumi na sita, akatenga safi na fifi, ile chafu ya daraja la pili.

Saa tano kasoro robo Mugeta alitia saini kupokea mfuko mmoja.